Mafuta Mahali Pake: Kutunza Turubai la Kivuli la Gari la Safari

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

 Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mmoja ana daftari na kalamu. Mwalimu wa darasa naomba awe na chaki mkononi, maana leo tunayo maneno machache ya kuandika ubaoni, na hesabu mbili ndogo za kufanya pamoja.

Nataka kuzungumza nanyi habari za turubai la kivuli la gari la safari: jinsi ya kulisafisha, jinsi ya kulipaka mafuta, na jinsi ya kulikunja lisiharibike.

Watu wa Ulaya na Marekani wanayo magari ambayo ndani yake mna kitanda, jiko na meza. Mtu husafiri na nyumba yake kama konokono. Ubavuni mwa gari hilo, juu karibu na paa, pamefungwa turubai lililoviringishwa. Gari likisimama, turubai huvutwa nje, na papo hapo watu wanapata baraza ya kukaa. Kwetu Afrika Mashariki magari ya namna hiyo ni machache, lakini magari ya safari yenye hema juu ya paa na turubai ubavuni yanaonekana katika njia za kwenda mbuga za wanyama. Kuna madereva, wapishi wa kambi na waosha magari ambao kazi yao ni kuyatunza. Huenda baadhi yao wako katika madarasa yanayonisikiliza sasa. Na hata wewe ambaye huna kazi hiyo, sikiliza, kwa sababu utakayojifunza yatakufaa kwa baiskeli, kwa cherehani na kwa bawaba za mlango wako.

Sehemu za turubai

Kwanza tujue majina. Turubai la kivuli lina sehemu nne kubwa. Ya kwanza ni kitambaa chenyewe. Ya pili ni rola, yaani bomba refu ambalo kitambaa huviringishwa juu yake. Ya tatu ni mikono, yaani vyuma viwili vinavyokishika kitambaa kikiwa kimetoka nje. Mikono hii ina viungo kama kiwiko cha mtu. Ya nne ni miguu, ambayo husimama chini na kubeba uzito. Kila mguu ni bomba jembamba ndani ya bomba nene, ili urefu wake uweze kuongezwa na kupunguzwa.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni: KITAMBAA, ROLA, MIKONO, MIGUU.

Maturubai hayafanani yote. Yako yanayovutwa kwa mkono tu na kufungwa kwa mikanda. Yako yanayofunguliwa kwa hendeli ya kuzungusha. Na yako ambayo rola yake ina springi ndani, iliyokazwa kama springi ya saa. Nitarudi kwenye springi baadaye, maana hapo pana hatari.

Mahali pa kuteleza na mahali pa kushika

Sasa lishikeni neno hili, maana ndilo kiini cha somo letu. Katika kila chombo kuna mahali pa kuteleza na mahali pa kushika. Mafuta ni ya mahali pa kuteleza. Ukipaka mafuta mahali pa kushika, umeharibu kazi.

Fikirini mwili wa mtu. Kiwiko kinatakiwa kiteleze, ndipo mkono ukunjike. Lakini kiganja kinatakiwa kishike. Mtu akipakwa mafuta kiganjani, hata jembe litamponyoka. Ndivyo lilivyo turubai. Viungo vya mikono ni mahali pa kuteleza. Bomba la ndani la mguu ni mahali pa kuteleza. Ncha mbili za rola, pale inapozunguka, ni mahali pa kuteleza. Lakini ile skrubu au kibanio kinachokaza mguu usishuke ni mahali pa kushika. Mtu akikipaka mafuta, mguu utashuka wenyewe usiku, na turubai litawaangukia watu waliolala chini yake.

Basi kabla ya kufungua kopo la mafuta, jiulize: hapa panatakiwa pateleze, au pashike?

Mafuta gani?

Najua mtu mmoja darasani atasema, "Mwalimu, mafuta ni mafuta. Nitatia oili iliyotolewa kwenye injini, haina gharama." La, ndugu yangu. Mafuta si namna moja. Mabaharia wetu wa pwani walilijua jambo hili tangu zamani. Mbao za jahazi zilizo juu ya maji walizipaka sifa, yaani mafuta ya samaki. Lakini chini, panapokaa ndani ya maji, walipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa. Chombo ni kimoja, lakini dawa ni mbili, kila moja na mahali pake.

Sasa tazameni oili nzito au grisi ikipakwa kwenye viungo vya turubai. Gari likipita katika njia ya vumbi, vumbi hunata kwenye mafuta hayo. Vumbi ni chembe ndogo za mawe. Katika nyanda za kusini za Serengeti udongo wake una asili ya majivu ya volkano, na chembe zake ni ngumu. Vumbi likichanganyika na grisi huwa kama msasa. Kila mara mkono unapokunjwa, msasa ule unasugua chuma. Mwenye gari anadhani amelainisha kiungo, kumbe amekitilia kitu cha kukila. Zaidi ya hayo, grisi hugusa kitambaa na kuacha doa ambalo ni shida kulitoa.

Mafuta ya kupikia nayo hayafai. Yakikaa hewani siku nyingi hugeuka yakawa mazito na kunata kama ulimbo. Mafuta ya taa na petroli si vilainisho. Huyaosha mafuta mazuri yaliyokuwako, huharibu kitambaa, na huwaka moto.

Kinachofaa zaidi kwa viungo vya turubai ni kilainisho cha silikoni cha kupuliza. Hiki huacha utando mwembamba usionata sana, kwa hiyo vumbi halipati mahali pa kushikilia. Mahali kitambaa kinapopita katika mfereji wa chuma, unaweza pia kusugua nta kavu, kama ya mshumaa, ili kipite bila kukwama.

Kusoma kopo

Hapa ndipo elimu mnayoitafuta inapoonyesha faida yake. Tuseme kuna kijana anaitwa Juma. Tajiri wake amemwambia, "Juma, gari linatoka kesho alfajiri. Lipake turubai mafuta." Juma anakwenda ghalani, anakuta makopo matatu ya kupuliza. Yote ni ya urefu mmoja, na yote yana picha ya gari. Moja ni kilainisho cha silikoni. Moja ni dawa ya kusafishia breki, ambayo ni kali na inaweza kuharibu kitambaa na plastiki. Moja ni rangi. Kama Juma hajui kusoma, atabahatisha. Kama anajua, hana haja ya bahati.

Makopo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Basi tujifunze neno moja. Sisi tunaandika silikoni. Juu ya kopo mtaona herufi hizi: S, I, L, I, C, O, N, E. Mwalimu, andika yote mawili, moja chini ya jingine. Zihesabuni herufi. Kila neno lina herufi 8. Herufi 4 za mwanzo ni sawasawa. Kisha penye K yetu wao wana C, na penye I yetu ya mwisho wao wana E. Mkilijua hili, mtalitambua kopo hilo katika duka lolote.

Tazameni pia alama. Pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye ukingo mwekundu na mwali wa moto ndani yake, maana yake kitu hiki huwaka. Usipulize karibu na jiko, wala karibu na mtu anayevuta sigara. Juu ya makopo ya kupuliza mara nyingi mtaona pia tarakimu 50 na alama ya digrii. Maana yake ni kwamba kopo lisiwekwe mahali penye joto linalozidi digrii 50 za Selsiasi. Ndani ya gari lililofungwa madirisha na kusimama juani, joto mbele ya usukani linaweza kuzidi hapo. Kopo linaweza kupasuka. Kwa hiyo lisiachwe pale, liwekwe kivulini.

Kazi yenyewe, hatua kwa hatua

Sasa twende kazini. Chagua siku yenye jua na upepo kidogo, na uwe na mwenzako, maana kazi hii ni ya watu wawili.

Hatua ya 1. Fungua turubai lote, usimamishe miguu na kuikaza. Kama ni la hendeli, usilizungushe mpaka mwisho kabla ya kushusha miguu. Lizungushe litoke kiasi cha mita 1, shusha miguu, kisha endelea. Uzito wote usiachiwe mikono peke yake.

Hatua ya 2. Ondoa vumbi kavu kwa ufagio laini, juu na chini ya kitambaa. Usianze na maji, maana vumbi likilowa huwa tope na kuingia katika nyuzi.

Hatua ya 3. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kwa brashi laini. Usitumie petroli wala dawa kali ya kung'arishia nguo. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti viondolewe mapema, maana vikikaa hula kitambaa. Suuza kwa maji mengi mpaka povu liishe, maana sabuni ikibaki hushika uchafu upya.

Hatua ya 4. Acha likauke kabisa. Gusa hasa mishono na sehemu iliyo karibu na rola, maana hapo ndipo maji hujificha.

Hatua ya 5. Wakati kitambaa kinakauka, chukua tambara kavu ufute viungo, miguu na ncha za rola. Kama pana grisi ya zamani iliyojaa vumbi, itoe yote. Kupaka mafuta mapya juu ya uchafu ni kama kupaka ndonda mafuta kabla ya kuliosha.

Hatua ya 6. Pulizia silikoni kidogo kwenye kila kiungo. Karibu na kitambaa, usipulize moja kwa moja. Pulizia tambara kwanza, kisha pangusa nalo. Kwa miguu, vuta bomba la ndani, lifute, lipake kwa tambara, kisha liingize na kulitoa mara tatu. Kumbuka kibanio kisiguswe na mafuta. Wala usipulize juu ya breki, wala juu ya ngazi ya gari, mtu asije akateleza.

Hatua ya 7. Kunja na kunjua mikono mara kadhaa ili mafuta yaenee. Futa yaliyozidi. Mafuta yanayochuruzika si wema, ni hasara.

Hatua ya 8. Tazama skrubu, mishono na matundu. Skrubu ya miguu au ya viungo iliyolegea ikazwe. Mshono ulioanza kufunguka ushonwe leo. Tundu la ukubwa wa punje ya mhindi huzibwa kwa kiraka kidogo. Likiachwa, upepo hulifanya mpasuko wa mita nzima. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wenzetu wa pwani, kama Tanga, Mombasa na Unguja, wana adui mwingine. Upepo wa bahari huleta chumvi, na chumvi hula skrubu za chuma na hata alumini. Gari likitoka ufukoni, vyuma vya turubai vioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vikaushwe, ndipo vipakwe silikoni. Kuosha kwanza, kupaka baadaye.

Maji na upepo

Turubai hili ni la kivuli. Mvua ndogo hulivumilia, lakini mvua kubwa inaweza kulivunja. Hebu tufanye hesabu. Mwalimu, andika: turubai lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Eneo lake ni 3 mara 2, yaani mita za mraba 6. Maji ya kina cha sentimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 10. Basi 6 mara 10 ni lita 60. Na lita 1 ya maji ni kilo 1. Kwa hiyo sentimita 1 tu ya maji ni kilo 60. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Je, ungeweka mfuko wa saruji na zaidi juu ya turubai lako, kisha ukae chini yake unywe chai? Ndiyo maana wakati wa mvua ndogo mguu mmoja hushushwa kuliko mwingine, ili maji yatiririke kwenye pembe moja. Mvua ikizidi, turubai hufungwa.

Hesabu ya pili ni ya upepo. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara 2, nguvu ya kusukuma haiongezeki mara 2, bali mara 4. Ukiongezeka mara 3, nguvu ni mara 9. Kwa hiyo mtu asiseme, "Upepo umezidi kidogo tu." Funga turubai mapema. Na usiliache wazi mkiondoka kambini, hata kama mbingu ni nyeupe na kamba zimefungwa kwenye vigingi.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, mvua imenikuta, nimelifunga likiwa limelowa. Nifanye nini?" Jibu ni kwamba umefanya vema kulifunga, lakini kazi haijaisha. Lifungue ulikaushe mara mvua ikikatika, na siku 2 zisipite. Turubai lililoviringishwa na maji ndani yake huota koga. Koga huleta madoa meusi na harufu mbaya, na kitambaa cha pamba huoza. Mabaharia hawakulikunja tanga bichi na kulisahau. Nasi tusilisahau turubai.

Hatari ya springi

Sasa ile habari ya springi. Sikilizeni kwa makini, maana hapa si kitambaa kinachoumia, ni mkono wa mtu.

Katika maturubai yenye springi ndani ya rola, springi ile haipumziki kamwe. Hata turubai likiwa limefungwa, springi imekazwa. Mtu akifungua kifuniko cha mwisho wa rola, au akiitoa rola kwenye mkono wake bila kuifunga kwa pini ya kuizuia, springi hujifungua yote kwa mara moja. Chuma huzunguka kwa nguvu, na kinaweza kuvunja vidole. Katika maturubai mengine springi imo ndani ya mikono, nayo husukuma mikono ifunguke. Kinachoizuia ni kitambaa. Mtu akikitoa kitambaa bila kuifunga mikono kwanza, mikono hiyo huruka.

Basi kanuni ni hii. Kupaka mafuta hakuhitaji kufungua kifuniko cha rola, wala bolti inayoishika rola au mikono. Ikiwa kazi inakutaka ufungue hivyo, hiyo si kazi ya kupaka mafuta tena, ni kazi ya fundi aliyefundishwa, mwenye pini na vyombo vyake. Tajiri akikuhimiza, mwambie kwa adabu, "Bwana, hapa pana springi, tumwite fundi." Si uvivu wala woga. Kijana anayelisha watoto kwa mikono yake hawezi kuiweka rehani kwa sababu ya kivuli cha wageni. Na tajiri mwenye akili atashukuru, maana gharama ya fundi ni ndogo kuliko gharama ya hospitali.

Mara ngapi?

Kuosha na kupaka silikoni kufanywe mwanzo wa msimu wa wageni na mwisho wake. Gari linalopita kwenye vumbi jingi au kukaa pwani litazamwe kila linaporudi. Sikilizeni pia sauti. Kiungo kinacholia, kama bawaba ya mlango wa zamani, kinaomba kusafishwa. Kiungo kinachokwama ghafula kisilazimishwe. Tafuta kwanza jiwe, jani au kamba iliyokizuia.

Andikeni tarehe ya kila kazi katika daftari dogo, likae ndani ya gari. Kwa mfano: "Tarehe 4, turubai limeoshwa, viungo vimepakwa silikoni, skrubu moja ya mguu wa kulia imekazwa." Maneno machache tu. Dereva mwingine akilichukua gari, atajua hali yake bila kukutafuta. Na siku turubai litakapoharibika na watu wakauliza nani hakulitunza, daftari lako litakujibia.

Kazi ya darasani

Sasa namwachia mwalimu wenu darasa. Naomba myafanye haya kabla ya kwenda nyumbani.

1. Andikeni majina manne ya sehemu za turubai.

2. Tajeni mahali patatu pa kuteleza na mahali pamoja pa kushika.

3. Turubai lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Maji ya kina cha sentimita 1 yamejaa juu yake. Uzito wake ni kilo ngapi?

4. Kila mmoja akirudi nyumbani atafute kopo au chupa moja yenye maandishi. Anakili neno moja kutoka juu yake, alilete darasani wiki ijayo.

Katika swali la tatu msikubali jibu la jirani. Fanyeni hesabu wenyewe. Nanyi wenye baiskeli na cherehani, kesho kabla ya kutia mafuta, zitazameni vizuri. Mnyororo unatakiwa uteleze. Breki inatakiwa ishike.